Miaka 11 nimesali, nimefunga, nimetoa fungu la kumi, huku nikinunua viazi kwa lumbesa. Tuzungumze fadhila za Mkristo siku za kazi

Mnunuzi wa Nyanda (mleta uzi)

Wakuu, salamu katika Bwana. Uzi ni mrefu. Nimeuandika kwa siku tatu, nikifuta na kurudia, kwa sababu jambo lenyewe linanihusu mimi kabla halijamhusu mtu mwingine yeyote.

Nafanya biashara ya viazi mviringo. Nanunua shambani, Njombe, Makete na upande wa Uporoto kule Mbeya, nashusha Dar. Ni Mlutheri wa kuzaliwa, nimeimba kwaya, nimekuwa mzee wa kanisa vipindi viwili. Tangu 2012 hadi 2023 nilinunua kwa lumbesa kama karibu kila mnunuzi niliyekuwa namfahamu.

Kwa asiyejua: gunia likishajaa mdomoni halishonwi. Unaliongezea kichwa, unazungushia kamba, unashindilia na kupanga viazi juu kwa juu mpaka kichwa kinakaribia kuwa nusu ya gunia jingine. Mkulima analipwa bei ya gunia moja. Magunia yangu nilipokuja kuyapima yalikuwa kilo 130, mengine 140. Wakala wa Vipimo wamepiga kelele miaka yote kwamba gunia la mazao lisipite kilo 100. Nilikuwa najua, siwezi kusingizia ujinga.

Hesabu yake ni nyepesi. Ushuru wa mazao unatozwa kwa gunia, nauli ya lori kwa gunia, mpagazi analipwa kwa gunia. Kwa hiyo kila kilo iliyoko kichwani inasafiri bure. Lakini wapo wawili wanaoilipia: mkulima aliyeichimba, na kijana anayelipandisha gunia lile kwenye lori kwa mgongo wake.

Wakati huohuo nilikuwa nasali, tena si kwa unafiki. Mikesha ya Ijumaa nilikuwepo. Kwaresima nilifunga. Fungu la kumi nilitoa kwa hesabu kamili, hadi shilingi mia. Ndiyo, fungu la kumi la faida ya vichwa vya magunia ya watu. Na nilikuwa naomba, kwa machozi kabisa, Mungu anipe tunda la Roho lile la Wagalatia 5:22-23: upendo, furaha, amani, uvumilivu, utu wema, fadhili, uaminifu, upole, kiasi. Niliyaomba kama mkulima anavyoomba mvua, nikiwa nimekaa barazani naangalia mawingu.

Mwaka 2023 mwanangu wa pili alikuwa darasa la kipaimara. Jioni moja alinipa katekisimu niishike, yeye akariri, mimi nimsikilize. Akafika amri ya saba. Martin Luther aliandika maelezo yale mwaka 1529 na hakuishia kwenye "usiibe" ya kuvunja mlango usiku. Alisema ni pamoja na kujipatia mali ya jirani kwa bidhaa mbovu na kwa biashara ya hila. Kisha akaleta upande wa pili ambao watu huuruka: tumsaidie jirani aitunze na kuiongeza mali yake na riziki yake. Mimi mwenyewe niliyakariri maneno hayo nikiwa na miaka 14, mbele ya usharika mzima. Mtoto alipomaliza nikawa nimenyamaza. Akaniuliza, "Baba, nimekosea wapi?"

Sikulala usiku ule.

Niseme nilichokigundua tangu siku hiyo, maana ndicho kilichonifanya nifungue uzi. Nilidhani fadhila ni hali ya moyo inayokuja ukisali vya kutosha, halafu ikishakuja ndipo utende. Petro hasemi hivyo. 2 Petro 1:5-6 anatumia maneno ya mtu wa kazi: "mkijitahidi sana kwa upande wenu, katika imani yenu tieni na wema, na katika wema wenu maarifa, na katika maarifa yenu kiasi, na katika kiasi chenu saburi". Tieni. Kama mtu anayetia mbolea shina moja moja. Mimi nilikuwa naomba kiasi kwa kinywa, huku mikono ikishindilia kichwa cha gunia. Mikono ndiyo iliyokuwa inanifundisha, kila siku, mara mia kwa siku. Miaka 11 ya mazoezi ya kutomwona mkulima. Mkesha mmoja kwa wiki ungeshindanaje na hayo?

Basi nikaanza na lile moja tu. Nikanunua mizani ya kuning'iniza, nikawa nanunua kwa kilo. Msimu wa kwanza ulikuwa mchungu. Dereva niliyezoeana naye alinikimbia, kwa sababu kupima kila gunia kunachelewesha lori saa tatu au nne. Dar wateja wawili walisema magunia yangu "yamekonda". Faida ilishuka kwa zaidi ya theluthi moja, na ada za shule niliomba kulipa kwa awamu.

Kuna kitu sikukitegemea, na hapo naomba msome taratibu. Mizani ilinifunulia mambo mengine. Kusubiri kupima kulinionyesha kwamba sina uvumilivu hata chembe, naweza kumfokea kibarua wa miaka 17 kwa sababu amening'iniza gunia vibaya. Zamani sikuijua hasira hiyo kwa kuwa kila kitu kilikwenda haraka. Halafu nikagundua uongo wangu wa simu. "Niko njiani, nimeshafika Mafinga," na kumbe ndiyo kwanza nafunga turubai Makambako. Nilikuwa nasema hivyo mara kumi kwa siku bila kuhisi chochote. Nilipoanza kusema kilo za kweli, uongo ule mdogo ukaanza kunikwama kooni. Haki ya mizani ilinivuta kwenye ukweli wa ulimi, ukweli wa ulimi ukanipeleka kwenye upole, maana ukikubali kuonekana umechelewa huna haja ya kumfokea mtu ili yeye ndiye aonekane mwenye makosa. Fadhila hizi zina undugu. Ukimshika mmoja kwa nguvu, wengine wanakuja wakilia nyuma yake.

Mke wangu aliona kabla yangu. Alisema tu, "Siku hizi ukiingia ndani watoto hawatoki sebuleni." Sijui mahubiri yenye uzito kama huo.

Kisha likaja la kulipa. Nina madaftari tisa ya miaka ile, mawili yaliharibika kwa mvua. Nimepata majina ya wakulima 61. Mfano mmoja: magunia 40 katika misimu mitatu, wastani wa kilo 30 za ziada kila gunia, bei ya wakati ule shilingi 450 kwa kilo. Ni shilingi 540,000. Zakayo, mtoza ushuru wa Luka 19, alisema atarudisha mara nne, sina uwezo huo. Walawi 6:5 inasema urudishe kitu kamili na kuongeza sehemu ya tano, kwa hiyo nikaongeza 108,000. Jumla 648,000. Kwa mkulima mmoja. Hadi leo nimefika kwa 23.

Sijaleta uzi ili nipongezwe, na nawaomba msinipongeze, nimekula haki ya watu. Nimeleta ili niulize: wewe, kwenye kazi yako na nyumba yako, ni fadhila gani umeiona ikikua, na ilikua kwa tendo gani? Msinipe mistari mitupu. Nipeni tendo.

---

Dalali Mstaafu

Mkuu, nimekaa sokoni miaka 20 na zaidi, nakuelewa kuliko unavyofikiri. Lakini niseme lililo moyoni. Ulichofanya ni kizuri kwako wewe mwenye mtaji wa kuhimili hasara ya theluthi. Kijana anayeanza na mkopo wa milioni mbili wa kikundi, akikataa lumbesa, mzigo wake haununuliwi, mkopo unamshinda, anachukuliwa kitanda na televisheni. Je, huyo tumwambie hana fadhila? Mimi naona hapa tatizo ni la mfumo. Ushuru ukitozwa kwa kilo, lumbesa itakufa yenyewe bila mahubiri.

---

Mkulima wa Uporoto

Naomba niseme kama mtu wa upande wa pili wa mizani.

Mleta uzi, tulikuwa tunawajua. Mnunuzi akishuka kwenye pikipiki tunajua ni wa kichwa kikubwa au kidogo. Tulikuwa hatuna namna, viazi vikishachimbwa vikipigwa jua vinageuka kijani, huwezi kumwambia mtu aondoke arudi kesho.

Lakini na sisi tulikuwa na letu. Vile viazi vidogo vya ukubwa wa yai la kwale, vilivyokatwa na jembe, vyenye kijani, vyote vinaingia katikati ya gunia. Juu na pembeni tunapanga vinono. Tulijisemea, yeye anaiba kwa kichwa, sisi tunaiba kwa tumbo. Nimefanya hivyo nikiwa mwalimu wa shule ya Jumapili, na sikuwahi kuliona kuwa dhambi. Niliona ni kulipizana.

Tangu nisome uzi huu jana nimekaa nawaza yule aliyenunua kile kiazi cha kijani Dar. Huyo hakuniibia chochote. Labda ni mama anayekaanga chipsi na mtaji wa elfu 30.

Kwa hiyo tendo langu, kwa kuwa umeomba tendo, ni la leo asubuhi. Nimechambua kwa mafungu matatu kabla ya kujaza. Mke wangu kaniuliza kama naumwa.

---

Kwa Neema

Ndugu mleta uzi, ushuhuda wako umenigusa ila unanitia hofu kidogo. "Mmeokolewa kwa neema, kwa njia ya imani, ambayo hiyo haikutokana na nafsi zenu, ni kipawa cha Mungu, wala si kwa matendo, mtu awaye yote asije akajisifu." Efeso 2:8-9. Hizi hesabu za 540,000 na 108,000 zinaanza kunukia kununua amani ya dhamiri. Damu ya Yesu haikutosha? Tunda ni la ROHO, si la mizani.

---

Mnunuzi wa Nyanda (mleta uzi)

Kwa Neema, swali lako ni la haki, na mimi Mlutheri sina ruhusa ya kulipuuza. Nakujibu kwa mambo mawili.

Mstari unaofuata, wa 10, unasema tuliumbwa katika Kristo Yesu "tutende matendo mema". Na msome Zakayo taratibu, Luka 19. Yesu alimwita kwanza, akajialika nyumbani kwake kwanza, watu wakanung'unika kwanza. Hapo hakuna hata senti iliyorudishwa. Ndipo Zakayo akasimama akasema, nusu ya mali yangu nawapa maskini, na niliyemnyang'anya kwa hila namrudishia mara nne. Hakuwa ananunua kitu. Mgeni alishaingia ndani, na mwenye nyumba akaona aibu jinsi nyumba ilivyo.

Kuhusu damu ya Yesu: inatosha kwa Mungu. Lakini mama mmoja wa Makete, mmoja wa wale niliowanunulia, hakudai kwa Mungu, alinidai mimi. Mungu akinisamehe deni lake, siwezi kuchukua msamaha huo nikausoma kama risiti mbele ya huyo mama.

Dalali Mstaafu, wewe nakubaliana nawe zaidi ya unavyotarajia. Ushuru utozwe kwa kilo, leo kabla ya kesho. Sina jawabu jepesi kwa kijana wa mkopo, na sitamhukumu. Naomba tu asifanye nilivyofanya mimi, kukaa miaka 11 nikiita mfumo kile ambacho kamba yake nilikuwa naifunga mwenyewe.

---

Mkatoliki wa Songea

Tumsifu Yesu Kristo. Nimeona nichangie kwa kuwa sisi Wakatoliki tumelelewa na neno hilihili, fadhila, tangu mafundisho ya Komunyo ya kwanza.

Tunafundishwa fadhila tatu za kimungu, imani, matumaini na mapendo, ambazo Mungu mwenyewe anazimimina. Halafu zipo nne zinazoitwa bawaba, kwa sababu nyingine zote zinaning'inia hapo kama mlango: busara, haki, nguvu na kiasi. Katekisimu inaieleza fadhila kuwa ni mwelekeo wa kudumu na imara wa kutenda mema. Neno lenye uzito hapo ni kudumu. Mtu aliyerudisha chenji iliyozidi mara moja ametenda jema. Anayerudisha kila mara, bila kubishana na nafsi yake, huyo ana fadhila ya haki. Kwa hiyo wewe na Kwa Neema sioni kama mnapingana sana, ila mnaelezea mlango mmoja, huyu kwa bawaba, yule kwa aliyeutengeneza.

Na Mtakatifu Augustino alikwisha kuandika katika moja ya barua zake kwamba dhambi haiondolewi ikiwa mtu anaweza kukirudisha alichokitwaa na hakirudishi. Si jambo jipya la walokole.

Tendo langu: kutafiti dhamiri kila usiku. Nilikuwa nafanya vibaya miaka mingi, naorodhesha dhambi kwa jumla, "nimekosa upendo, nimekosa sala", nalala. Padre mmoja aliniambia nimtaje mtu na saa. Leo saa nne asubuhi, ofisini, nilimwona mzee aliyetoka kijijini kusubiri saini, nikaendelea kunywa chai. Ndivyo hivyo. Baada ya mwezi wa kutaja mtu na saa, nikajikuta nasimama kabla ya chai kwa sababu naijua usiku itanirudia. Ni kidogo mno, najua. Lakini wazee wale sasa hawasubiri.

---

Mama wa Watatu

Nimesita kuandika hapa, ila mmeongea kwa unyofu, na mimi niseme.

Kanisani naitwa mpole. Naongoza kikundi cha akina mama, nashauri wenye shida za ndoa, nikiongea watu wanatulia. Nyumbani, msichana anayenisaidia kazi ananiogopa. Ana miaka 19. Nilikuwa namwita "wewe". Sahani ikivunjika nakata mshahara. Namlipa nikikumbuka, na yeye haombi. Hakuna anayeyajua haya kanisani, na yeye hana wa kumwambia.

Siku moja alikuwa anaumwa, nikamsikia akisali chumbani kwake kwa sauti ndogo. Alikuwa ananiombea mimi, nisikasirike kwa sababu hajafua.

Nilikaa ngazini nikalia. Mathayo 5:23-24 inasema ukikumbuka ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka yako hapo madhabahuni, uende ukapatane naye kwanza. Siku zote nilidhani ndugu ni mtu wa kulingana nami.

Nilimwomba msamaha, naye aliogopa zaidi, alidhani namfukuza. Sasa namwita kwa jina lake. Mshahara namlipa tarehe 28 asubuhi, kabla sijafanya malipo mengine, na zile nilizokata za vyombo nimemrudishia. Tunakula meza moja. Lakini wapendwa, hasira bado inarudi. Wiki iliyopita nilimfokea mbele ya wageni. Miezi saba ya kujitahidi na bado ulimi unanishinda. Ndiyo maana naandika, nataka mnisaidie.

---

Mkatoliki wa Songea

Dada yangu Mama wa Watatu, pole, na usikate tamaa.

Kuna Mtakatifu Teresa wa Mtoto Yesu, mtawa wa Kifaransa aliyefariki mwaka 1897 akiwa na miaka 24. Hakufanya makubwa ya kuonekana, aliishi ndani ya kuta za monasteri. Anasimulia kwamba wakati wa kufua, sista aliyekuwa mbele yake alikuwa anamrushia maji machafu usoni kila akiinua leso alizokuwa anafua. Akatamani kurudi nyuma na kujifuta uso kwa kuonyesha, ili yule ajue. Hakufanya hivyo. Alikaa palepale, akaazimia kurudi tena mahali palepale. Vita yake yote ilikuwa ya ukubwa huo.

Nakutajia huyo kwa sababu miezi saba si mingi. Na kufoka mara moja kwa wiki, kwa mtu aliyekuwa anafoka kila siku, si kuanguka kule unakokudhani. Ila nikuulize: ulipomfokea mbele ya wageni, msamaha ulimwomba mbele ya nani?

---

Mama wa Watatu

Jikoni. Tukiwa wawili.

Nimekuelewa. Wageni wale wanakuja tena Jumapili.

---

Bibi wa Kamachumu

Wanangu, mjukuu ndiye anayeniandikia, mimi nasema. Bwana asifiwe.

Mimi nimezaliwa katika nyumba ya walokole. Uamsho uliotufikia Kagera ulitoka Gahini, Rwanda, na Uganda. Mzee Simeoni Nsibambi wa Kampala na daktari Mwingereza Joe Church walikutana kule Namirembe mwaka 1929, wakasoma Biblia pamoja na kuomba, na moto ukatambaa kutoka hapo. Pale Gahini ulishika hospitalini, kwa wafanyakazi waliokuwa wakigombana na kuibiana, na mzungu naye akapaswa kuungama kiburi chake mbele ya Waafrika. Hilo ndilo watu hawakuwahi kuliona.

Tulikuwa na neno letu: kutengeneza. Mtu akiokoka, wiki hiyohiyo unamwona barabarani na jembe la watu begani, analirudisha. Mwingine anakwenda kwa mkuu wake wa kazi, anasema nilichukua mashuka ya hospitali, haya hapa. Mwingine analipa kodi aliyoikwepa, karani hajui aiandike wapi. Baba yangu alirudisha mbuzi kwa jirani aliyekuwa hajui kama aliibiwa. Jirani alidhani alipotea tu.

Kwa hiyo mwanangu wa viazi, wewe unatengeneza. Endelea.

Lakini nina maonyo mawili, maana nimeona mengi. La kwanza: usiungame hadharani dhambi inayomvua nguo mtu mwingine. Tuliona ndoa zikivunjika kwa sababu mtu alitaka moyo wake uwe mwepesi, akamtwisha mzigo mwenzake mbele ya mkutano. La pili ni baya zaidi. Wapo wetu waliogeuza kutengeneza kuwa fimbo. Wakaanza kuulizana, wewe umerudisha nini? Asiyerudisha hajaokoka. Wakagawanyika makundi, ndugu kwa ndugu hawasalimiani, na kila upande unaimba nyimbo zilezile. Kutembea nuruni kukawa kummulika mwenzako tochi usoni.

Ukiona umeanza kuwahesabu wanunuzi wenzako wa lumbesa kwa dharau, simama njiani, rudi chini ya msalaba, halafu ndipo uendelee na safari ya kwa mkulima mwingine.

---

Kijana wa Mbagala

Shikamoo Bibi. Shikamooni wakubwa wote.

Mimi ni bodaboda. Kuna abiria mwaka juzi alinipa noti ya elfu 10 usiku akidhani ni elfu mbili, kwa safari ya elfu mbili. Niliona. Nikaondoa pikipiki. Alikuwa mama mtu mzima amebeba dawa za hospitali. Nimemtafuta kituo kile kila nikipita, sijamwona. Huyu namlipaje?

---

Bibi wa Kamachumu

Marahaba mwanangu. Hesabu sura ya 5 inasema mtu wa kulipwa asipokuwepo, wala ndugu yake wa karibu, malipo yawe ya Bwana. Ile elfu nane mpe Bwana kwa mkono wa mgonjwa. Na sehemu ya tano usiisahau.

---

Kijana wa Mbagala

Nimefanya, Bibi. Jana nimembeba mzee mmoja kutoka hospitali hadi kwake, sikuchukua nauli, na nikamwachia elfu 10 ya dawa. Nilitaka kumwambia ni ya mtu mwingine, nikashindwa namna ya kueleza, nikamwambia tu kuna mama amekutumia. Bado nitaendelea kumtafuta yule mama pale kituoni.

---

Kwa Neema

Nimerudi kusoma tangu mwanzo. Mleta uzi, lile neno la risiti limenikaa. Nilikopa vitabu vya rafiki yangu tukiwa chuo cha Biblia, 2016, vitatu, na maelezo yake ya kalamu pembeni. Amehamia Kigoma. Navituma kesho kwa basi.

---

Mnunuzi wa Nyanda (mleta uzi)

Wakuu, nimerudi, nilikuwa Makete tangu Jumanne, mtandao wa kule unakuja na kuondoka.

Bibi, onyo la pili limenikuta. Nimelitafuta kosa hilo moyoni nikalikuta limekwisha kukaa na kupasha miguu moto. Nimempigia yule dereva aliyenikimbia. Nilikuwa namsema vibaya kwa watu.

Mkulima wa Uporoto, msimu wako ukifika niambie. Nitakuja na mizani, uje na mafungu yako matatu, na bei tutaandika tatu.

Nilikwenda kwa mama wa 24 kwenye orodha. Mumewe ndiye niliyekuwa namwandika, amefariki 2020. Nikamsomea daftari: magunia 40, kilo za ziada, sehemu ya tano, 648,000. Alisikiliza mpaka mwisho. Hakulia wala hakunibariki, kama nilivyokuwa nimeanza kuzoea kwa wengine. Akaniomba nimfuate ghalani.

Kwenye ukuta wa udongo, ndani, nyuma ya mlango, kuna vistari vya mkaa. Vitano vitano, kila kundi na alama yake ya msimu. Mumewe hakujua kusoma. Kila gunia la kichwa lililotoka mlango ule alilichorea kistari. Tulihesabu pamoja na mjukuu wake wa darasa la sita. Vistari vyangu vilikuwa 46. Magunia sita ya 2017 hayakuwa kwenye daftari langu, nadhani yalikuwa kwenye yale mawili yaliyoloa.

Sita mara 13,500 ni 81,000. Sehemu ya tano ni 16,200. Nimemtumia yote kwa simu palepale, 745,200, mjukuu akausoma ujumbe kwa sauti, tarakimu moja moja.

Nikauliza kama sasa anaweza kuvifuta. Akasema bado. Atavifuta msimu ujao, akishaiona mizani ikining'inia pale mlangoni.